Pengo la Kipato: Wananchi wa Tarime na Serengeti Wafahamu Haki na Fursa Zao

Na Mwandishi Wetu, Tarime

Pengo la kipato ni tofauti iliyopo kati ya kaya na kaya, au eneo na eneo, katika mapato, mali na uwezo wa kupata huduma. Kwa nchi yenye watu 61,741,120 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, wastani wa taifa hauwezi kueleza hali ya kila kaya.

Takwimu zinasemaje

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), ulionesha kuwa asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, ambao ulikuwa Sh. 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mwaka 2007 kiwango hicho kilikuwa asilimia 34.4. Pamoja na kupungua huko, umaskini vijijini ulikuwa asilimia 31.3, ilhali mijini ulikuwa asilimia 15.8.

Mali ipo, mgawanyo ni suala

Tarime ina dhahabu ya Nyamongo, kahawa, ndizi na mifugo. Serengeti inapakana na hifadhi yenye sifa duniani. Hata hivyo, utajiri wa eneo haumfikii kila mkazi kwa kiwango kimoja. Mgodi wa North Mara upo katika Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, wakati Kata ya Turwa ipo katika Halmashauri ya Mji wa Tarime, yenye bajeti na mapato yake. Kwa upande wa Serengeti, mkulima wa kijiji kilicho jirani na hifadhi ndiye hubeba hasara tembo wanapovamia shamba, ndiyo maana kanuni zimeweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa.

Mikopo ya asilimia 10

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwananchi azingatie kuwa asilimia ni moja lakini kiasi hutofautiana: asilimia 10 ya mapato makubwa huzaa mikopo mingi, na ya mapato madogo huzaa michache. Hivyo ukusanyaji wa ushuru na marejesho ya mikopo ni jambo linalomgusa moja kwa moja mjane au kijana anayesubiri zamu ya kikundi chake.

Kaya maskini na elimu

Kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini hutoa ruzuku kwa kaya zinazotambuliwa na jamii yenyewe katika mikutano ya vijiji na mitaa. Asiyehudhuria huwaachia wengine kusema nani ni maskini, na wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aidha, elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafikishwa kidato cha sita.

Ardhi na mwanamke

Katika jamii inayotegemea shamba na ng'ombe, asiye na ardhi huanza maisha akiwa nyuma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inabatilisha desturi yoyote inayomnyima haki hiyo. Anayenyang'anywa shamba kijijini aanzie Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi. Shauri lisipopata ufumbuzi, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wajibu wa mwananchi

Wananchi wanahimizwa kuhudhuria mikutano ya vijiji na mitaa, kuhoji taarifa za mapato na matumizi, na kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa maelekezo ya kuunda vikundi. Pengo huzibika pale haki iliyoandikwa katika sheria inapodaiwa na mwenyewe.