Mafunzo ya Ufundi Stadi na Huduma za Ajira (Tanzania)

Ufundi stadi ni ujuzi wa kutenda kazi maalumu kwa kiwango kinachopimika: uashi, useremala, umeme wa majumbani, uchomeleaji, ushonaji, upishi na nyinginezo. Tanzania Bara mafunzo haya husimamiwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo wananchi wote huiita VETA. Iliundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Mafunzo ya Amali.

Sheria ya uanagenzi ilikuwapo tangu mwaka 1940, wakati wa mkoloni, na mwaka 1974 ikafuata sheria ya mafunzo ya ufundi. Sheria ya 1994 ilimhusisha mwajiri kwa karibu zaidi: alipe, na asikilizwe anaposema ni fundi wa namna gani anamhitaji.

Malipo hayo ni Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato kila mwezi. Kiwango chake kilikuwa asilimia 6 ya jumla ya mishahara. Kikashuka hadi 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, na hatimaye 3.5 mwaka 2023. Tangu 2021 inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Karakana yenye watu 12, kila mmoja akilipwa shilingi 400,000, hutoa shilingi 168,000 kwa mwezi. Ni mzigo wa mwajiri, wala haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Waajiri wamelalamika kwa miaka mingi kwamba ni theluthi moja tu ya makusanyo inayopelekwa VETA, na lalamiko hilo lina msingi: fedha iliyochangwa kwa jina la ujuzi ingepaswa kuonekana kwenye karakana za vyuo.

Kwa mwanafunzi gharama ni ndogo. Ada katika vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Vyeti vina hatua tatu, na anayefika ya tatu anaweza kuendelea na masomo ya juu zaidi.

Hata hivyo, mafundi wengi nchini hawakupita chuoni. Walianza wakiwa saidia fundi, wakichanganya saruji na kubeba tofali, hadi siku walipokabidhiwa mwiko. Kwa ajili yao kuna urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na pengine hakuna huduma ya VETA inayogusa watu wa chini kuliko hii. Fundi hahukumiwi kwa mtihani wa kuandika peke yake. Mwashi hujenga ukuta mbele ya mpimaji, anayeangalia jinsi anavyovuta kamba, anavyoshusha timazi na anavyosoma pima maji. Kisha humuuliza kwa nini amefanya hivyo. Penye upungufu hupewa mafunzo ya kuziba pengo. Akifuzu, hupata cheti. Mtu aliyejenga nyumba za watu kwa miaka 20 akikataliwa kazi na mkandarasi kwa kukosa karatasi, anadhulumiwa; cheti hiki humwondolea kikwazo hicho.

Upande wa kutafuta kazi, Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 ndiyo msingi. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, huandikisha watafuta kazi, huwashauri na kuwaunganisha na waajiri. Nafasi za serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwa intaneti. Wapo pia mawakala binafsi wenye leseni, baadhi wakipeleka wafanyakazi Oman na nchi nyingine za Ghuba. Anayetaka kwenda huko ahakikishe kwanza leseni ya wakala na mkataba wake. Tangazo linalomtaka mwombaji atume pesa ya usaili kwa simu ni la kitapeli.

Fundi anayetaka kupimwa aende chuo cha VETA kilicho karibu naye, na abebe ushahidi wa kazi zake: picha na barua za waliomwajiri. Nawe mwajiri unayelipa tozo kila mwezi, mwandikie saidia fundi wako barua hiyo, na siku ya kupimwa mpe ruhusa.