Habari za Tiba Katika Vilima vya Nyakabuye

Mgonjwa wa Nyakabuye tangu zamani ni mtu wa safari. Sekta hii ya wilaya ya Rusizi, ambayo kabla ya mageuzi ya mwaka wa 2006 ilikuwa katika mkoa wa Cyangugu, iko katika vilima vinavyoelekea bonde la Bugarama, nchi ya joto na mpunga, ambako mbu wa malaria wamestawi siku zote. Yapo pia maji ya moto yanayobubujika ardhini, yaitwayo amashyuza, na watu hutoka mbali kuja kuyaoga kwa kutaraji kupona. Ama daktari, huyo hakupata kuwa jirani.

Katika siku za Wadachi, na baadaye za Wabelgiji walioitwaa nchi mwaka wa 1916, tiba ya kizungu ilifuata boma na misheni. Mapadre walifika Mibilizi mwaka wa 1903, na mahali hapo leo pana mojawapo ya hospitali mbili za wilaya. Ya pili ni ile ya Gihundwe. Madaktari wa zama hizo walikuwa Wazungu, wachache mno kwa nchi yote ya Ruanda-Urundi. Basi serikali ikatafuta mikono ya kuwasaidia. Shule ya Astrida, iliyofungua madarasa yake mwaka wa 1932, ikafundisha vijana wenyeji kazi ya usaidizi wa daktari. Udaktari wenyewe hawakufundishwa. Msaidizi huyo aliangalia wagonjwa, akatoa dawa, akachoma sindano, na kwa raia wengi wa vijijini ndiye aliyeitwa daktari, kwa kuwa hawakupata kumwona mwingine.

Hapa pana jambo linalowagusa Waislamu hasa. Shule za wakati ule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kuwapeleka watoto wao wasije wakabadilishwa dini. Hofu hiyo haikuwa ya bure, lakini gharama yake ilikuwa kubwa: aliyekosa shule ya msingi hakuwa na njia ya kufika Astrida. Jamaa walioeneza Kiswahili na biashara katika miji ya Rwanda wakabaki nyuma katika elimu, na kazi ya tiba ikiwa miongoni mwa zilizowapita.

Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Taifa kikafunguliwa Butare, ndiyo Astrida ya zamani, kikiwa na kitivo cha udaktari tangu mwanzo. Hata hivyo kijana aliyehitimu hakuwa na haraka ya kwenda kukaa vilimani, na ni nani wa kumlaumu? Kisha ukaja mwaka wa 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliuawa pia madaktari na wauguzi, wengine wakakimbia nchi, na kutoka Cyangugu watu wengi wakavuka mto Rusizi kwenda Bukavu. Zahanati nyingi zikabaki kuta tupu.

Kilichojengwa baada ya hapo hakikumngoja daktari. Kuanzia mwaka wa 1995 vijiji vilichagua washauri wa afya, watu wa pale pale, wanaojulikana kwa majirani zao, na katika miaka iliyofuata idadi yao nchini ilifikia 45,000 hivi. Mshauri wa afya hana mshahara wa mwezi. Humpima mtoto damu ya malaria, humpa dawa ya homa, ya kuhara na ya kichomi, humzungushia utepe mkononi ili kujua kama amekonda, na humhimiza mjamzito aende kituoni kabla siku hazijatimia. Fedha nazo zilikuwa kizuizi, kwani malipo yaliporejeshwa mwaka wa 1996 wengi waliugulia nyumbani. Ndipo bima ya afya ya jamii, iitwayo mituweli, ikajaribiwa mwaka wa 1999 katika wilaya tatu, kisha ikaenezwa nchi nzima.

Matunda yake yanahesabika. Mwaka wa 2000 katika Rwanda walikufa kina mama 1,071 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa 2019 na 2020 ulikuta 203. Waliojifungulia katika vituo na hospitali walikuwa kama 27 katika kila 100, wakawa 93.

Lakini kituo cha afya ni nyumba ya wauguzi. Uchungu ukimzidi mama na mtoto akakwama, mshauri hana la kufanya ila kupiga simu, na muuguzi hana la kufanya ila kuita gari la wagonjwa. Kupasua ni kazi ya daktari, naye yuko hospitali. Masika yakiwa yamechimba barabara, kila saa ina uzito wake. Mwezi wa Julai 2023 wizara ya afya ilianza mpango wa kuzidisha mara 4 idadi ya watumishi wa afya kwa muda wa miaka 4, ili kutoka mtumishi 1 hivi kwa kila watu 1,000 wafike 4. Masomo ya daktari peke yake hupita muda huo, na akiisha kuhitimu, bado ataulizwa kama yu tayari kufanya kazi Rusizi.