"Noeli njema" ama "siku kuu njema"? Tukumbuke mwaka wa 1974

Kila Desemba swali linarudi. Tumusalimu jirani "Noeli njema", ama "bonne fête" tu, kusudi Muislamu na yule asiyesali wasijisikie kando? Vijana wengi wanafikiri ni mabishano ya Ulaya. Hapana. Inchi hii ilishapita humo, tena kwa nguvu.

Mwaka wa 1972 Mobutu alikataza majina ya ubatizo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akawa Sese Seko. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu aliweza kufungwa miaka 5. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, alipaswa kwenda kukaa Roma kwa miezi. Hata salamu ilibadilishwa: hakuna tena "monsieur" wala "madame", kila mtu "citoyen". Mwaka wa 1974 ikafika zamu ya Noeli. Tarehe 25 Desemba ikatolewa katika siku za kupumzika, watu wakaenda kazini. Misalaba ikaondolewa ukutani, picha ya Mobutu ikabaki. Serikali ikachukua na masomo ya makanisa, ikashindwa kuyaendesha, ikayarudisha mwaka wa 1977.

Walisema wanatenga dini na serikali. Lakini waziri mumoja alimuita Mobutu nabii, na chama cha MPR kikafananishwa na kanisa. Hiyo si kutenga, ni kubadilisha altare tu.

Leo Katiba ya 2006 inasema inchi ni "laïque", maana yake haina dini ya serikali, na tarehe 25 Desemba tunapumzika. Vyote viwili vinakaa pamoja bila shida. Wakimbangu wao wanafanya Noeli tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Dialungana, mtoto wa Simon Kimbangu. Ukimupa Mukimbangu Noeli njema mwezi wa 12, umechelewa miezi saba!

Mimi naona kila mutu asalimu kwa jina la siku kuu anayoiamini, na jirani aitike. Muislamu wa Kasongo anayesema "Noeli njema" mulangoni mwa Mukristo hajabatizwa kwa hilo.

Jambo la uzito liko kwenye ugawaji. Wakubwa wa kambi, munapotangaza nguo na unga Desemba hii, andikeni saa na mahali. Mukiandika "vya Noeli" juu ya orodha, wako wamama watakaobaki hemani na watoto wao.