Mkazo wa Kurefuka: Istilahi ya Zoezi la Kisigino

Mwenye maumivu ya kano la Achilles, lile linalounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, huagizwa zoezi linaloonekana jepesi: asimame ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, ajiinue kwa mguu mzima, kisha auachie uzito mguu unaouma na kukishusha kisigino polepole. Wataalamu huliita zoezi la ekisentriki, jina lisilomwambia mgonjwa lolote. Tukisema msuli "unasinyaa", tunamchanganya zaidi, kwa kuwa katika kushuka huko msuli hufanya kazi huku ukirefuka. Napendekeza "mkazo wa kurefuka", na kwa kupanda, "mkazo wa kufupika". Kukaza hakufungamani na urefu: kamba inayoteremsha ndoo kisimani hukazika ingawa inazidi kurefuka.

Mwaka 1998, Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 wenye maumivu sugu katikati ya kano. Walishusha kisigino mara 15 kwa seti 3, goti likiwa limenyooka, kisha vivyo hivyo likiwa limekunjwa kidogo ili msuli wa ndani wa shavu la mguu nao ubebe mzigo. Mara 2 kila siku kwa wiki 12. Wote walirudi kukimbia. Kundi lilikuwa dogo, lakini linaonyesha kwa nini tafsiri ya "zoezi la kunyoosha" haifai: anayenyoosha tu hulivuta kano bila kulibebesha uzito, na uzito ndio uliokuwa kiini cha tiba hiyo.

Atakayepinga atataja utafiti wa Denmark wa 2015, ambamo mazoezi mazito ya polepole, kupanda na kushuka, yalileta nafuu inayolingana na ya kushuka pekee. Hoja hiyo ni ya kweli, nayo inaliimarisha neno "mkazo", linalozihusu pande zote mbili. Wengine watasema istilahi ya maneno matatu ni ndefu mno kwa kliniki. Hata hivyo, mgonjwa atakayefanya zoezi nyumbani peke yake anahitaji jina linalomkumbusha kukaza msuli anaposhuka. Kiasi cha kushuka kibaki kwenye maelekezo: anayeumia pale kano linaposhikana na mfupa huanza akiishia usawa wa sakafu, maana kushuka zaidi hulibana kano na kunaweza kumzidishia maumivu.