Bei ya Kidole Gumba: Majina ya Viungo katika Kiingereza cha Kale

Mwalimu anapowafundisha watoto lugha ngeni, mara nyingi huanza na mwili. Huwaambia waguse kichwa, kisha bega, kisha goti, huku wakiyataja majina kwa sauti moja. Mtoto huyajua majina hayo katika siku chache, na tangu hapo huyatumia bila kuyafikiri. Hadhani hata kidogo kwamba yana historia. Historia, kwa mawazo yake, ni ya wafalme, vita na merikebu. Goti ni goti tu.

Lakini sivyo. Tukiyatazama kwa makini majina ya viungo katika lugha ya Kiingereza, tutaona kwamba ndani yake imo habari ya watu walioshindwa vitani, wakatawaliwa na wageni zaidi ya mara moja, na lugha yao ikadharauliwa hata nyumbani kwao. Huenda jambo hili likamshangaza msomaji aliyezoea kukiona Kiingereza kuwa lugha ya wenye nguvu. Basi na tuifuate habari hiyo tangu mwanzo.

Katika mwaka 597 wamisionari kutoka Roma, wakiongozwa na Augustine, walifika Kent, nchi iliyo kusini mashariki mwa Uingereza. Mfalme wa huko aliitwa Æthelberht. Wakati ule lugha ya elimu katika Ulaya ya magharibi ilikuwa Kilatini, na mataifa mengine yaliyokuwa jamaa za Waingereza yaliandika sheria zao kwa Kilatini. Æthelberht, aliyekufa mwaka 616, hakufanya hivyo. Bede, mtawa na mwanahistoria aliyemaliza kitabu chake mwaka 731, aeleza kuwa sheria za mfalme huyo ziliandikwa kwa lugha ya Waingereza wenyewe. Hatujui maandishi marefu ya Kiingereza yaliyotungwa kabla ya hayo.

Je, sheria hizo za kwanza zilisema nini? Sehemu kubwa yake ni orodha ya viungo vya mwili, na kila kiungo kimewekewa bei. Desturi ya zamani ilikuwa kwamba mtu akiumizwa, ndugu zake hulipa kisasi. Na waliolipiwa kisasi nao hulipa tena, hata ukoo ukaisha. Mfalme alitaka fidia ishike mahali pa kisasi. Dia ya mtu huru wa kawaida ilikuwa shilingi 100. Mtu akimtoa mwenzake jicho, alilipa shilingi 50; akimkata mguu, shilingi 50 pia. Basi jicho moja au mguu mmoja ulihesabiwa kuwa nusu ya mtu. Paja likivunjika, fidia ilikuwa shilingi 12. Lakini aliyevunjwa akiwa kiwete, ilikuwa juu ya jamaa na marafiki kuketi na kupatana. Shilingi hizo hazikuwa kama hizi zetu tunazonunulia mkate. Shilingi moja ilikuwa mali ya kutosha kumfanya mkulima afikiri mara mbili kabla ya kuinua rungu lake.

Vidole navyo vilipangwa kimoja kimoja. Kidole gumba kilikuwa na bei ya shilingi 20, na ukucha wake shilingi 3. Kidole cha kati, kijapokuwa kirefu kuliko vyote, kilikuwa shilingi 4 tu. Kidole cha pete kilikuwa shilingi 6, na kidole cha mwisho, kilicho kidogo, shilingi 11. Kidole kikubwa cha mguu kilikuwa shilingi 10, yaani nusu ya gumba la mkono, na vidole vingine vya mguu vilifuata kanuni iyo hiyo. Karibu miaka 300 baadaye Mfalme Alfred, aliyetawala tangu mwaka 871 hata 899, alitoa sheria zake na kuzibadili bei hizo: gumba likawa shilingi 30, kidole cha pili 15, cha kati 12, cha pete 17, na kidole kidogo 9. Bei zilibadilika, lakini gumba halikuondolewa katika kiti chake cha juu. Ye yote aliyewahi kushika jembe, kalamu au sindano atajua kwa nini.

Msomaji atambue jambo moja hapa. Ili hakimu aweze kutoza shilingi 4 kwa kidole kimoja na 6 kwa kingine, hana budi kuwa na jina la hakika kwa kila kidole. Kiingereza cha kale kilikuwa nayo majina hayo, na mengi yalitokana na kazi. Kidole tunachokiita cha shahada wao walikiita "scytefinger", maana yake kidole cha kutupia mishale. Kidole cha pete kiliitwa "goldfinger", kidole cha dhahabu. Na watu wengine walikiita "læcefinger", yaani kidole cha mganga. Kidole kidogo kiliitwa pia "earfinger", kidole cha sikio, na sina haja ya kueleza kazi yake. Nasi Waswahili twafanya vivyo hivyo: kidole cha shahada kilipata jina kwa kazi yake katika sala.

Majina ya maungio nayo yalieleza namna mwili unavyokwenda. Kiwiko, au kisugudi kama wengine wasemavyo, kiliitwa "elnboga". "Eln" ni urefu wa mkono uliotumika kupimia nguo, kama vile wazee wetu walivyopima kwa dhiraa; na "boga" ni kitu kilichopindika, kama upinde. Basi kiwiko ni pale kipimo kinapopinda. Mahali mkono unapounganika na kitanga paliitwa "wrist", neno lenye asili moja na kitendo cha kuzungusha, kwa kuwa hapo ndipo mkono unapogeuka. Goti liliitwa "cneow", na herufi ya kwanza ilitamkwa wazi; mwanafunzi wa leo anayelalamika kwamba Kiingereza kina herufi zisizosemwa, na ajue kuwa nyingine zilisemwa zamani na sauti zao zikafa. Gumba liliitwa "þuma" na kiungo cho chote cha mwili "lim". Herufi ya "b" tunayoiandika leo mwishoni mwa maneno hayo iliongezwa baadaye. Na neno lao kwa maungio yote, mahali mfupa ukutanapo na mfupa, lilikuwa "lið". Tulikumbuke neno hilo, kwani tutaliuliza tena.

Mwishoni mwa karne ya 10 mtawa mmoja aliyekuwa mwalimu, jina lake Ælfric, aliwatungia wanafunzi wake sarufi ya Kilatini iliyoelezwa kwa Kiingereza, na pamoja nayo orodha ya maneno ya lugha hizo mbili. Hakuyapanga kwa kufuata alfabeti, bali kwa mambo, na miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyaweka ni mwili wa mwanadamu na viungo vyake. Ndiyo kusema, wavulana wa Kiingereza walianza ugeni wa Kilatini kwa kugusa kichwa na goti kama watoto wetu wafanyavyo.

Wakati huo wageni walikuwa wamekwisha kuingia nchini. Tangu mwaka 793 mabaharia wa Denmark na Norwe waliyashambulia makao ya watawa pwani. Mwaka 865 likaja jeshi kubwa, na wengi wakabaki kulima mashariki na kaskazini. Mwaka 1016 Cnut wa Denmark akawa mfalme wa Uingereza nzima. Lugha ya wageni hawa ilikuwa jamaa ya Kiingereza, na watu wakaoana, wakauziana ng'ombe, wakasikilizana. Hata lugha zikachanganyika mpaka mwilini. Neno la leo la mguu kuanzia pajani hata chini, "leg", ni la wageni hao. Neno la ngozi, "skin", ni lao pia.

Kisha mwaka 1066 William wa Normandy akavuka bahari na kuishinda nchi. Mabwana wapya walisema Kifaransa. Kifaransa kikawa lugha ya jumba la mfalme, ya mabwana, na baadaye ya mabaraza ya sheria. Kilatini kikabaki cha kanisa na cha vitabu. Kiingereza kikaachiwa watu wa jembe na jikoni. Sheria za Æthelberht zilisalimika katika nakala moja tu, iliyoandikwa huko Rochester katika miaka ya 1120, miaka 500 baada ya mfalme kufa. Kama mwandishi yule asingeona maana ya kuzinakili, tusingejua leo kwamba ukucha wa gumba ulikuwa shilingi 3.

Kifaransa nacho kikaingia mwilini. Karibu na mwaka 1300 twaona neno "face" likishika nafasi ya neno la kale "andwlita", maana yake uso. Mishipa ya damu na tumbo la chakula vikapata majina ya Kifaransa, "vein" na "stomach". Na lile neno "lið"? Lilisukumwa pembeni na neno la Kifaransa "joint", lenye maana ya kuunganisha. Leo "lith" yasikika katika usemi wa Waskoti, lakini Mwingereza wa kawaida hakumbuki kwamba lilikuwa neno la babu zake.

Jambo la kutia huzuni zaidi ni hali ya maneno yale yasiyokufa. Zamani "hyd" ilikuwa ngozi ya mtu na ya mnyama pia. Baada ya neno la wageni kuingia, "hide" ikabaki zaidi kuwa ngozi ya ng'ombe. "Maga" lilikuwa tumbo la chakula la mwanadamu; leo "maw" ni tumbo la mnyama mlafi. "Sceanca" lilikuwa neno la mguu, hasa muundi. Leo "shank" husikika zaidi kwa muuza nyama. Jina la kigeni lilikaribishwa sebuleni, na jina la nyumbani likapelekwa zizini. Hakuna aliyeamuru hivyo. Ni watu wenyewe, kidogo kidogo, walioona kwamba neno la bwana lina heshima zaidi.

Hata hivyo, si yote yaliyopotea. Kichwa, mkono, kiwiko, kidole, gumba, goti na kisigino vina majina yale yale ya Kiingereza cha kale hata leo, ingawa matamshi yamebadilika. Kwa nini hayakung'olewa? Kwa sababu mama aliyemwosha mtoto alisema naye Kiingereza, na mkulima aliyeteguka kifundo cha mguu shambani alilia kwa Kiingereza. Neno litumikalo kila siku katika maumivu na mapenzi ni gumu kulitoa.

Mwishowe lugha ya jembe ilirudi barazani. Mwaka 1362 ilitolewa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu wengi hawakukifahamu Kifaransa. Na jambo la kuchekesha ni kwamba sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Shuleni pia mambo yaligeuka. Padri mmoja aitwaye John Trevisa aliandika kwamba, kufikia mwaka 1385, wanafunzi wa shule za sarufi walikuwa wameacha kufundishwa kwa Kifaransa na walifundishwa kwa Kiingereza. Alimtaja mwalimu aliyeanzisha mageuzi hayo, John Cornwall. Trevisa alipima faida na hasara kwa haki. Faida, alisema, ni kwamba watoto huijua sarufi upesi kuliko zamani. Hasara ni kwamba sasa hawajui Kifaransa zaidi ya kisigino chao cha kushoto kinavyokijua, nao watapata taabu wakivuka bahari.

Trevisa huyo huyo, mwaka 1398, alimaliza kutafsiri kutoka Kilatini kitabu kikubwa cha elimu ya vitu vyote, na sehemu yake ya tano yahusu viungo vya mwili. Kwa hiyo elimu ya mwili ikapatikana kwa Kiingereza, maneno ya kale na ya wageni yakiketi katika ukurasa mmoja. Hakuyafukuza maneno ya Kifaransa, wala hakuyaonea haya yale ya mashambani.

Hapo ndipo lilipo fundisho. Lugha haiharibiki kwa kukopa. Sisi wenyewe tulipokea neno "damu" kutoka Kiarabu, nayo yapita katika mishipa yetu bila kutuuliza asili yake. Lakini kukopa ni jambo moja, na kulipeleka neno lako zizini ni jambo jingine. Msomaji na ajijaribu leo jioni. Atie kidole juu ya kiwiko chake, juu ya muundi, juu ya kifundo cha mguu, na kuvitaja kwa Kiswahili. Kisha avitaje kwa lugha ya mama yake, ikiwa ni nyingine. Akikwama, asitahayari, bali amwendee bibi yake na kumwuliza. Bibi anayajua, na huenda hakuna aliyemwuliza kwa muda mrefu.