Viti Viwili, Vijiwe Saba

Ndugu msomaji, ukifika Songea siku ya Jumapili, jua likianza kulegea, pita Mfaranyaki, pita Lizaboni, malizia Bombambili. Chini ya mwembe au kwenye kibaraza cha duka lililofungwa utawakuta watu wanne wameizunguka meza ya mbao, wawili kwa wawili, na wengine kumi wamesimama nyuma yao wakijifanya wanajua kuliko wanaocheza. Ukisikia "pwaa!" na mtu akaguna, ujue turufu imeangushwa. Mimi ni mmoja wa hao. Tena mimi ndiye ninayeshika daftari la matokeo, na ndani ya daftari hilo mna dhambi yangu.

Mwaka juzi ilikuja barua kutoka Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Jamaa wa huko walikuwa wanaandaa mashindano ya karata, wakaomba Songea ilete wachezaji wawili. Wawili tu! Vijiwe vya karata tunavyovihesabu hapa mjini ni saba. Barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ikaletwa kwangu niisome. Nikamsomea mzee mmoja wa kijiwe chetu, basi. Baada ya wiki mbili waliopanda boti pale Mbamba Bay walikuwa mzee yule na mimi. Kuna fundi baiskeli wa Lizaboni ambaye yeye na mwenzake, kwa mujibu wa daftari langu mwenyewe, walikuwa wametufunga mara tisa katika michezo kumi na mmoja. Yeye alipata habari tulipokuwa tumekwisha kurudi. Tulitolewa siku ile ile ya kwanza.

Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Mdogo wangu, kwani barua ilitaja jina lako?"

Nikakosa la kusema. Swali lile ndilo lililonipeleka kwenye historia, maana nilitaka kujua wenzetu duniani waligawanaje viti vilipokuwa vichache na wenye hamu wakawa wengi.

Nianze na karata zenyewe. Hizi nazo ni wageni waliokuja bila mwaliko. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia mwaka 1593, wakafukuzwa humo mwaka 1698. Ngome tuliwanyang'anya, ila karata tukabaki nazo. Neno lenyewe "karata" ni lao. Kopa, shupaza, uru na pau, yote yanatokana na Kireno. Turufu pia. Katika michezo yao kama sueca, saba ni karata kubwa inayofuata ree, na ndiyo maana hata Kiswahili kiliipa saba jina lake la pekee, "seti". Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba karata ni mali ya kijiwe fulani. Zimevuka bahari, zimepita mikononi mwa mabaharia, askari na wachuuzi, hadi zikapanda milima ya Matogoro.

Sasa tuje kwenye mialiko. Ndugu mkubwa wa mchezo wetu duniani ni briji. Huchezwa vivyo hivyo, watu wanne, wawili kwa wawili, na turufu ipo. Mwaka 1950 yalifanyika Bermuda mashindano yaliyokuja kuitwa Bermuda Bowl, yaani ubingwa wa dunia. Unajua dunia hiyo ilikuwa na timu ngapi? Tatu! Marekani, Uingereza, na moja ya Ulaya iliyochanganya watu wa Sweden na Iceland. Marekani wakashinda, wakaitwa mabingwa wa dunia. Afrika haikuwepo, Asia haikuwepo, Amerika ya Kusini haikuwepo. Ukimwalika jirani yako wa kushoto na wa kulia tu, usiseme umeshinda mtaa mzima.

Shirikisho la dunia la briji liliundwa Oslo mwaka 1958, na miaka miwili baadaye, Turin, likaanzisha mashindano ya pili yaliyoitwa Olimpiadi. Humo kila nchi mwanachama iliweza kuleta timu, iwe kubwa au ndogo. Ile Bermuda Bowl nayo haikufutwa. Ilipanuliwa polepole, dunia ikagawanywa kanda nane, Afrika ikiwa kanda ya nane, na kila kanda ikapewa viti vyake vya kugombea. Kufikia mwaka 2019 timu zilikuwa 24. Kwa hiyo wenzetu walikuwa na milango miwili, mmoja wa kila mwanachama na mwingine wa aliyepita kwenye mchujo. Mlango wa tatu, ule wa "mtu aliyeipokea barua", sikuuona.

Labda utasema briji ni mambo ya mabwana wakubwa. Haya, tuje kwenye mpira. Kombe la Dunia la mwaka 1966 lilikuwa na nafasi 16. Ulaya ilipewa 10 pamoja na mwenyeji Uingereza, Amerika ya Kusini 4 pamoja na bingwa mtetezi Brazil, na Amerika ya Kaskazini na Kati ikapata 1. Iliyobaki moja wakaambiwa wagombee Afrika, Asia na Oceania kwa pamoja. Mabara matatu, kiti kimoja! Bingwa wa Afrika hata angeshinda kwao ilimbidi akapigane tena na wa Asia. Ghana ya Kwame Nkrumah, iliyokuwa imetwaa Kombe la Afrika mwaka 1963, ikaongoza kukataa, na nchi za Afrika zilizokuwa zimejiandikisha zikajitoa zote. Kiti kile kikaenda kwa Korea Kaskazini, na hao walipofika Uingereza wakaifunga Italia bao 1-0 na kuingia robo fainali. Wale walioambiwa hawastahili hata nusu kiti!

Mgomo ule haukupotea bure. Mwaka 1970 Afrika ilipata nafasi yake yenyewe, Morocco ikaenda. Mwaka 1982 zikawa mbili, mwaka 1994 tatu, mwaka 1998 tano, na kwa mwaka 2026 zimewekwa tisa za moja kwa moja. Na wale waliosema "wapeni nafasi wakajiaibishe" walijibiwa uwanjani: Cameroon robo fainali mwaka 1990, Morocco nusu fainali mwaka 2022. Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kulitazama ziwa.

Sisi wenyewe tunalijua hilo. Mwaka 1980 Taifa Stars ilicheza Kombe la Afrika kule Lagos, timu zikiwa 8. Haikurudi tena mpaka mwaka 2019 kule Misri, timu zilipokuwa 24. Miaka 39! Wapo wanaobeza kwamba tulipita kwa sababu mlango ulipanuliwa. Ni kweli ulipanuliwa, lakini hatukubebwa, tulicheza mechi za mchujo tukapita. Mlango ukiwa mpana, bado sharti utembee kwa miguu yako.

Hapa ndipo historia iliponishika shati. Sisi watu wa Songea ni mabingwa wa kulalamika. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 950, kupitia Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, na kila nafasi ikitokea tunasema wakubwa wamegawana huko huko. Mara nyingi tunasema kweli. Lakini barua ile ilipofika mikononi mwangu, nilifanya nini? Kwa fundi baiskeli wa Lizaboni, mimi ndiye niliyekuwa Dar es Salaam. Sikuiba fedha, sikughushi sahihi, nilinyamaza tu. Aisee, kunyamaza nako ni njia ya kugawa viti.

Nimesikia hoja za kututetea. Kuna anayesema aende mwenye pasi ya kusafiria na nauli. Basi tuseme wazi kwamba tunapeleka mfuko, hatupeleki mchezaji. Kuna anayesema aende mzee kwa heshima. Mzee apewe heshima yake, awe kiongozi wa msafara, lakini ree haiwi ree kwa sababu ya mvi za aliyeishika. Wengine wanasema tupige kura ya bahati nasibu, kila mmoja apate haki sawa. Hiyo ni haki ya kutojali, maana inamweka aliyejituma miaka kumi sawa na aliyejifunza jana.

Barua imekuja tena mwezi uliopita. Viti ni vile vile viwili. Imo ndani ya daftari, na safari hii haitalala humo. Jumapili ijayo nitaisoma kwa Kiswahili, kwa sauti, katika vijiwe vyote saba, kisha niibandike ukutani. Pendekezo langu ni kwamba kila kijiwe kichague jozi yake kwa kucheza. Jozi saba zikutane, kila moja na kila nyingine, jumla michezo 21, ambayo wikiendi tatu zinatosha. Watakaoongoza waende wote wawili, kwa sababu karata za jozi hazichezwi na mtu na mgeni wake. Nauli tuichange vijiwe vyote, ili asiyekuwa nacho asishindwe na nauli baada ya kuwashinda watu. Daftari alishike mtu asiyecheza.

Maana yake ni kwamba nalikabidhi. Kijiwe chetu hakijafurahi, na mzee yule ameacha kuitikia salamu zangu. Jana nilipita Lizaboni kumweleza fundi. Alikuwa anaziba pancha, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo tutacheza?" akauliza.

"Tutacheza, kaka."

"Haya. Changa karata."