Gitaa la Umeme Tanga na Suala la Daraja Lenye Kufuli

Mtu atakaye kuieleza historia ya muziki wa dansi nchini mwetu hana budi kuanza safari yake Tanga, au walau kupitia huko. Mashamba ya mkonge yaliwakusanya watu wa makabila mengi, na watu hao walipenda kucheza dansi. Jamhuri Jazz Band, iliyovuma sana mjini humo, iliitwa hapo awali Young Nyamwezi, na jina hilo peke yake latosha kutuonyesha vibarua wale walitoka wapi. Atomic Jazz ilishindana nayo. Katika taarabu, Black Star Musical Club ilithubutu kutia gitaa la umeme na besi mahali ambapo wazee walizoea udi na fidla. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walianza na Jamhuri mwaka 1966, wakahamia Arusha mwaka 1970, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Mombasa, ambako bendi yao ilikuja kujulikana kwa jina la Simba Wanyika.

Jambo moja husahauliwa katika masimulizi haya: gitaa lilikuwa la nani? Mara nyingi halikuwa la mpigaji. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, ya tajiri wake, au ya shirika, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo kijana wa Mabawa anayeweka akiba anunue gitaa lake mwenyewe hafanyi jambo dogo. Ananunua pia uhuru wa kuhama. Akikosea katika kuchagua, kuipata akiba nyingine kama hiyo kwaweza kumchukua miaka.

Miongoni mwa magitaa yatakayomvutia ni lile lenye daraja la kutikisika na kufuli za nyuzi. Asili yake ni hii. Mwaka 1954 kiwanda cha Fender cha Marekani kilitoa gitaa la Stratocaster, lenye mkono mdogo wa chuma darajani. Ukiubonyeza, nyuzi hulegea na sauti hushuka, ukiuachia, springi zilizofichwa mgongoni huirudisha. Kiwanda kiliuita mkono huo tremolo, jina lisilo sahihi, kwa kuwa tremolo hasa ni kutetema kwa ukubwa wa sauti, wala si kupanda na kushuka kwake. Lakini jina likishazoeleka nani atalibadili?

Ubaya wa chombo kile ulikuwa kwamba uzi ukilegea huteleza juu ya shingo na kwenye vifungo vya kukazia, usirudi pale pale ulipotoka. Mmarekani Floyd Rose, naye mpigaji gitaa, alibuni dawa yake mnamo miaka ya 1970, akapewa hataza mwaka 1979. Aliubana uzi kwa skrubu penye kichwa cha shingo, na baadaye ukabanwa darajani pia, hata ukawa hauna pa kuteleza. Daraja lenyewe huegemea ncha mbili kali kama makali ya kisu. Wapigaji wa roki, Eddie Van Halen akiwa wa mbele, walikipokea kwa furaha.

Je, chatufaa sisi? Tukumbuke jinsi dansi letu linavyopigwa: solo, rithimu na besi husokotana kama ukili, na gitaa moja likipotoka kidogo tu wimbo mzima huchafuka. Hapa kufuli zina faida ya kweli. Lakini daraja lile huelea kwa mizani: upande mmoja nyuzi sita zenye mvuto unaozidi kilo 40 kwa jumla, upande wa pili springi. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, springi hushinda, na nyuzi tano zilizobaki hupanda zote. Kwenye daraja lisilotikisika mpigaji angeendelea na nyuzi tano mpaka mwisho wa wimbo. Hapa hana la kufanya ila kunyamaza. Tena kuweka uzi mpya huhitaji koleo na funguo ndogo ya pembe sita, na kukaza uzi mmoja huzivuruga jirani zake.

Kuna na hewa ya pwani. Chumvi na unyevu wa Tanga hula springi na skrubu, na makali yale yakishapata kutu au kusagika, daraja halirudi sawasawa tena. Katika magitaa ya bei rahisi makali hufanywa kwa chuma laini, nayo huisha upesi. Kwa mpigaji wa rithimu wa dansi au taarabu, sisi tunaona daraja lisilotikisika ndilo linalomfaa. Mwenye kupenda roki, au solo yenye sauti ya kulia na kuzama, asikatazwe. Lakini akiwa na gitaa moja tu, afadhali atie kipande cha mbao ngumu nyuma ya daraja, upande wa springi, ili liweze kushuka bila kupanda. Hapo uzi ukikatika, wengine hubaki mahali pao.

Dukani asiridhike na rangi. Ageuze gitaa, afungue kifuniko cha mgongoni, atazame springi. Kisha alinganishe nyuzi, afunge kufuli, aubonyeze mkono mara kumi kwa nguvu, na asikilize kama uzi wa sita umerudi pale pale.